Biskuti moja kalori 144, nyingine 450, nyingine 1,900: nifuate lebo ipi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Ipagala hapa Dodoma. Nina kilo 82 na urefu wa sentimita 160. Tangu mwezi wa nne nahesabu kalori kwa kutumia programu ya simu iliyonipangia 1,200 kwa siku. Kila kitu chenye lebo nakisoma na kukiandika, lakini uzito umegoma kushuka. Namba zenyewe zinanichanganya. Nimekutumia picha za pakiti tatu za biskuti: moja imeandikwa 144, nyingine 450, nyingine 1,900. Mimi nanunua hiyo ya 144 kwa kuwa ndiyo ndogo. Nyumbani tupo wanne, tunatumia mafuta ya kupima ambayo hayana lebo, lita moja inaisha kama siku sita hivi. Ugali ni wa dona, mahindi nasagisha mwenyewe. Pia mtoto wangu wa miaka mitatu anakunywa uji wa unga wa lishe, pakiti imeandikwa kalori 400. Si nyingi mno kwake? Naomba unielekeze.

Jibu: Dada yangu, nashukuru kwa kuniandikia, na nashukuru zaidi kwa kutaja umri, uzito, urefu na hata mafuta ya jikoni, maana bila hayo ningekujibu kijuujuu. Nianze na biskuti.

Nimezitazama picha zako. Zile namba tatu hazizungumzii kiasi kimoja cha chakula. Ile 144 ni kalori za mgao mmoja, na chini ya jedwali, kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba mgao huo ni biskuti 3 zenye gramu 30. Ile 450 ni ya gramu 100. Na ile 1,900 si kalori hata kidogo, ni kilojuli, kipimo kingine cha nishati ambacho kwenye lebo huandikwa kJ. Kalori tunazozihesabu sisi ni zile zilizoandikwa kcal, na kcal 1 ni sawa na kJ 4.184.

Sasa tuzipime zote kwa kipimo kimoja. Biskuti ya kwanza ina 144 kwa gramu 30, kwa hiyo gramu 100 zina 480. Ya pili ina 450. Ya tatu, ukigawa 1,900 kwa 4.184, unapata kama 454. Umeona? Hiyo uliyoichagua kwa sababu ya udogo wa namba ndiyo nzito kuliko wenzake.

Kwa hiyo kabla macho hayajaenda kwenye kalori, yaende kwenye kipimo: namba hii ni ya gramu ngapi? Hilo likikaa sawa, mengi ya lebo yanakaa sawa. Lebo inajua kilichomo ndani ya chakula. Haijui wewe umekula kiasi gani, na hapo ndipo hesabu ya wengi inapovuja.

Vurugu hii inaletwa na sheria za nchi mbalimbali. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka jedwali lionyeshe nishati ya gramu 100, au mililita 100 kwa vinywaji. Marekani wanatumia mgao mmoja, na wao huandika "kalori" tu bila kilo mbele, ingawa maana ni ileile kcal. Kwenye rafu moja ya duka hapa mjini unaweza kukuta bidhaa ya Dar es Salaam, ya Nairobi, ya Afrika Kusini na ya Uturuki, kila moja na utaratibu wake. Penye safu mbili, soma ile ya gramu 100 unapolinganisha bidhaa. Penye mgao peke yake, chukua kalori, gawa kwa gramu za mgao, zidisha kwa 100. Simu yako ina kikokotoo, na kazi hiyo haichukui hata nusu dakika.

Tukae kidogo na pakiti ile ya kwanza, kwa sababu ukielewa moja umeelewa nyingi. Nje imeandikwa uzito halisi gramu 150. Kwa gramu 100 jedwali lake linatoka hivi: protini gramu 6.5, wanga gramu 66, na ndani ya wanga huo sukari ni gramu 22, mafuta gramu 21. Gramu moja ya protini hutoa kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Viwango hivi vinatokana na kazi ya mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo ndivyo viwanda vingi vinavyopigia hesabu. Protini: 6.5 mara 4 ni 26. Wanga: 66 mara 4 ni 264. Mafuta: 21 mara 9 ni 189. Jumla 479, na lebo inasema 480. Jedwali hili liko sawa.

Angalia hapo jambo jingine. Mafuta ni gramu 21 tu katika 100, yaani kama sehemu moja ya tano ya uzito, lakini yamebeba kalori 189 kati ya 479, karibu asilimia 40. Watu wengi wakishika biskuti wanatafuta sukari. Sukari ipo na ni ya kuangaliwa, ila iliyopandisha nishati ni mafuta.

Usiijumlishe sukari mara ya pili. Ule mstari wa sukari ulioko chini ya wanga ni sehemu ya wanga, umeshahesabiwa. Wapo wanaoijumlisha, wanajikuta na kalori zisizokuwepo. Na nyuzinyuzi, ambazo wengine huziita makapimlo, hutoa kama kalori 2 kwa gramu. Lebo za Ulaya huzitenga na wanga, za Marekani huziweka ndani yake, ndiyo maana mara nyingine hesabu yako itapishana kidogo na ya lebo. Usihangaike nayo.

Sasa pakiti yote. Gramu 150 mara 4.8 ni kalori 720. Zimo biskuti 15. Ukila tatu na chai ni 144 kweli, lakini niambie kwa moyo mweupe, nani anafungua pakiti ile mbele ya chai ya jioni akala tatu akaifunga? Mgao ulioandikwa na kiwanda haukupangwa kwa ajili yako. Ukila sita ni 288, ukila pakiti nzima ni 720, na hiyo ni zaidi ya nusu ya zile 1,200 ulizopangiwa na simu. Soda ni hivyohivyo. Jedwali likionyesha kalori 42 kwa mililita 100, chupa ya mililita 350 ina 147 na ya nusu lita ina 210. Sukari yake kwa kawaida ni kama gramu 10 na ushee kwa kila mililita 100, hivyo chupa ile ya mililita 350 inabeba vijiko vya chai kama tisa.

Kwenye bidhaa za Ulaya na Uturuki mkato hutumika mahali pa nukta. Ukiona 3,5 g ni gramu tatu na nusu. Nimewahi kukutana na mtu aliyeisoma kama 35 akaacha kunywa maziwa.

Je, namba hizo ni za kweli? Ni makadirio mazuri. Marekani sheria inaruhusu chakula kizidi kalori zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20, na chini ya kalori 5 kwa mgao mmoja wanaruhusiwa kuandika sifuri. Kwa hiyo kitu kilichoandikwa 0 kinaweza kuwa na 4, na ukitumia migao kumi kwa siku tayari ni 40. Mazao nayo hayalingani: karanga za Kongwa na karanga za kwingine hazitakuwa na mafuta sawasawa hadi gramu ya mwisho. Ndiyo maana sikushauri kukosa usingizi kwa sababu ya tofauti ya kalori 10. Nguvu zako zielekeze kwenye makosa ya mamia, na makosa ya mamia, dada yangu, mengi hayako dukani. Yako jikoni kwako.

Nichukue mafuta ya kupima. Umesema lita moja, watu wanne, siku sita. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa kama gramu 920. Mara 9 ni kalori 8,280. Gawa kwa watu wanne, gawa kwa siku sita: 345 kwa kila mtu kila siku. Hiyo ni wastani, na mtoto wa miaka mitatu hali sawa na mtu mzima, kwa hiyo sehemu yako inaweza kuwa juu zaidi. Sasa jiulize, kwenye simu umewahi kuandika mafuta? Nilipotazama kumbukumbu ulizonitumia nimeona "mchicha", "maharage", "ugali", "chai". Mafuta sijayaona. Mchicha wenyewe una kalori chache mno, chini ya 30 kwa gramu 100. Ukiwekewa vijiko viwili vya chakula vya mafuta unabeba 240 zaidi, kwa kuwa kijiko kimoja cha mililita 15 ni kama kalori 120.

Mafuta ya alizeti ya Dodoma na Singida ni mafuta mazuri, nami nayatumia. Ila kwa kalori hayana tofauti na ya mawese, ya soya wala ya nazi. Mafuta yote ni 9 kwa gramu, yawe ya dumu sokoni Majengo au ya chupa yenye picha ya moyo. Kwa hiyo kukosa lebo hakukunyimi chochote kwenye hesabu. Unachohitaji ni kujua umemimina kiasi gani. Acha kumimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja, tumia kijiko cha chakula kuhesabia, au weka sufuria juu ya mizani. Ukishindwa yote hayo, andika tarehe unayofungua lita na tarehe inayoisha, ufanye hesabu niliyoifanya hapo juu. Haitakuambia ya jana, itakuambia ya wiki, na kwa uzito wa mwili wiki ndiyo inayohesabika.

Nunua mizani ndogo ya jikoni ya betri inayopima hadi kilo 5. Kwa mtu anayehesabu kalori, kifaa hiki kina faida kuliko programu yoyote ya simu.

Tuje kwenye ugali. Unga wa mahindi, uwe sembe au dona, una kama kalori 360 kwa gramu 100 ukiwa mkavu. Lebo ya pakiti ya sembe ukiikuta dukani itakupa namba ya hapo karibu, nawe itumie hata kwa dona lako la kusagisha. Hapa nigusie imani moja iliyoenea sana, kwamba ugali wa dona, wa mtama au wa uwele haunenepeshi. Unga wa nafaka zetu hizi zote uko kati ya kalori 330 na 370 hivi kwa gramu 100. Dona na mtama vina nyuzinyuzi zaidi, vinashibisha kwa muda mrefu, vina madini na vitamini ambazo sembe imepoteza kinuni, na kwa sababu hizo nakusihi uendelee na dona lako. Lakini bonge la dona na bonge la sembe yenye unga wa gramu zilezile yana kalori karibu sawa.

Kinachowapotosha wengi ni maji. Unga gramu 500 una kalori 1,800. Ukisonga, ugali unaweza kutoka na uzito wa gramu 1,500, na kalori bado ni zilezile 1,800, kwa kuwa maji hayana kalori. Kwa hiyo gramu 100 za ugali huo ni kalori 120. Mtu akipima ugali wake wa gramu 350 kisha akatumia namba ya unga mkavu, ataandika 1,260 wakati amekula 420. Mwingine anafanya kinyume: anapima unga mkavu kisha anachagua kwenye simu "ugali uliopikwa", anaandika theluthi moja ya alichokula. Mchele ni hadithi hiyohiyo, mkavu kama 360, wali kama 130. Zabibu zetu pia: mbichi kama 70 kwa gramu 100, zilizokaushwa kama 300, kwa sababu maji yametoka na sukari imebaki. Kila unaposoma lebo ya unga, mchele, tambi, maziwa ya unga au maharage makavu, chukulia namba ni ya kitu kikavu kama kilivyo ndani ya pakiti, isipokuwa wameandika wazi kwamba ni baada ya kutayarishwa. Na kopo la maharage au samaki lina uzito wa namna mbili, wa jumla na wa kilichobaki baada ya kumwaga maji. Angalia jedwali limetumia upi.

Kwa chakula cha sufuria kinacholiwa na wengi, fanya hivi. Pima sufuria tupu uandike uzito wake nyuma ya mlango wa kabati, utaupima mara moja tu. Tuseme umepika maharage makavu gramu 500, kwa kalori 340 kwa kila gramu 100 ni 1,700. Mafuta mililita 100, hayo ni kama 830. Nyanya na vitunguu tuweke 80. Jumla 2,610. Yakiiva, pima sufuria na chakula, toa uzito wa sufuria. Ikiwa umebaki na gramu 1,700 za maharage, kila gramu 100 zina kama 154. Ukijipakulia gramu 250 umekula 385. Sufuria hiyohiyo ukiweka mafuta vijiko viwili badala ya mililita 100, kijibakuli kilekile kinashuka hadi karibu 295. Kalori 90 zimeondoka bila kupunguza hata punje ya maharage, na mlo wako bado unashibisha.

Vitu vya kununua mitaani havina lebo, lakini huhitaji kukata tamaa. Chapati moja hutumia unga wa ngano kama gramu 60, hiyo ni kalori 216. Mafuta ya kukandia na kukaangia tuseme gramu 10, hayo ni 90. Chapati yako iko kwenye 300, na ya mama lishe anayemimina mafuta mengi inapanda juu ya hapo. Kwa vyakula vingine vya kwetu yapo majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008. Afisa lishe wa halmashauri anaweza kukusaidia kuyasoma. Ni bora kuliko kuamini mtu asiyejulikana aliyeingiza neno "ugali" kwenye programu ya simu akaweka namba aliyojisikia.

Maneno ya mbele ya pakiti nitayapitia haraka, maana hayapaswi kukuchukulia muda. "Haina kolesteroli" kwenye mafuta ya mimea ni kweli, kwa sababu mafuta ya mimea hayana lehemu, ndiyo hiyo kolesteroli, kwa asili, na hayapunguzi kalori hata moja. "Haina sukari iliyoongezwa" kwenye juisi haina maana kwamba haina sukari; juisi ya zabibu ina sukari yake ya kutosha. "Imepunguzwa" kwa viwango vya kimataifa ni walau asilimia 25 chini ya bidhaa inayolinganishwa nayo, na biskuti ya 480 ikipunguzwa robo bado ina 360. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ni ya ubora na usalama, iheshimu, lakini haizungumzii unene. Nembo ya virutubishi vilivyoongezwa kwenye unga na mafuta, vilivyoanza kutakiwa kwa kanuni za mwaka 2011, inahusu vitamini na madini, na hivyo navyo havina kalori. Safu ya asilimia imepigwa kwa mtu wa kalori 2,000 kwa siku, ambaye huenda si wewe.

Geuza pakiti, soma viambato. Huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Juisi ambayo maji na sukari vimetangulia na tunda liko nafasi ya tano, jina lolote ililopewa, ni maji ya sukari.

Sasa zile 1,200. Namba hiyo programu nyingi humpa karibu kila mwanamke anayesema anataka kupungua haraka. Kwa umri, uzito na urefu wako, kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990 inasema mwili wako ukiwa umelala tu unahitaji kama kalori 1,450. Ukiongeza kazi za siku, unafika kati ya 1,750 na 2,000, kutegemea unavyotembea. Kama kweli ungekuwa unakula 1,200 tangu mwezi wa nne, uzito ungekuwa umeshuka dhahiri. Kwa hiyo kuna mamia ya kalori yanayoingia bila kuandikwa, na kwa maelezo yako mafuta peke yake ni 345 au zaidi. Ongeza biskuti ulizodhani ni nyepesi, na sukari ya chai, ambayo kijiko kilichosawazishwa ni kama kalori 16 na kilichojaa mlima kinaweza kufika mara mbili ya hapo.

Ushauri wangu ni upandishe lengo hadi kama 1,500, halafu uhesabu kila kitu, mafuta yakiwa ya kwanza. Ukipunguza kalori 400 za kweli kila siku, ni 2,800 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, hivyo tarajia kushuka zaidi kidogo ya theluthi ya kilo kwa wiki, wiki nyingine zaidi, wiki nyingine mizani isitikisike kwa sababu ya maji na siku za mwezi. Jipime asubuhi mara mbili au tatu kwa wiki, uangalie mwelekeo wa mwezi. Ukihesabu kwa uaminifu wiki sita na hakuna kilichobadilika, nenda hospitali waangalie tezi ya shingo, sukari na dawa unazotumia kama zipo. Na kama una kisukari na unatumia dawa au sindano, usibadilishe ulaji kabla ya kuzungumza na daktari wako, na kwenye lebo uangalie wanga wote, usiishie kwenye mstari wa sukari.

Nimalizie na mtoto. Kalori 400 kwenye unga wa lishe ni za gramu 100 za unga mkavu, hazipo kwenye kikombe chake. Kikombe cha uji uliopikwa kwa unga gramu 30 kina 120 tu. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji kama 1,000 hadi 1,300 kwa siku, na tumbo lake ni dogo, kwa hiyo kwake lebo inasomwa kwa macho tofauti na yako: unataka chakula kidogo chenye nishati na protini ya kutosha. Uji mwepesi kama maji humjaza bila kumjenga. Pika mzito kiasi, ongeza maziwa, mililita 100 ni kama kalori 65, au kijiko cha siagi ya karanga, gramu 15 ni kama 90. Usimhesabie kalori wala usimpunguzie. Mpeleke kliniki apimwe, na mstari wa kadi yake ndio utakuambia kama anakula vya kutosha.

Pakiti yenyewe ikague kwa hesabu tuliyoifanya. Wajasiriamali wetu wanajitahidi, lakini baadhi ya pakiti zina jedwali lililonakiliwa kutoka bidhaa nyingine. Protini 14, wanga 65, mafuta 9: hiyo ni 56, na 260, na 81, jumla 397, karibu na 400, inakubalika. Ukikuta protini, wanga na mafuta vikijumlishwa vinapita gramu 100 ndani ya gramu 100, jedwali hilo halina ukweli, tafuta unga mwingine.

Na kuna kitu ambacho hakuna lebo ya lishe itakayokuonyesha, nacho kwa mkoa wetu kimeua watu: sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wake kupitia nafaka, na mahindi na karanga, ambazo ndizo zinazojaza unga wa lishe, ndizo zinazoshikwa zaidi na kuvu wake. Kupika hakuiondoi. Nunua unga wenye tarehe ya kutengenezwa na jina la mtengenezaji, uliokauka, usio na harufu ya uvundo. Bora zaidi, kwa kuwa tayari unasagisha dona lako, nunua karanga na mahindi mwenyewe, yachambue mchana penye mwanga, tupa kila punje iliyosinyaa, iliyopasuka au yenye rangi ya kuvu, anika yakauke vizuri juu ya turubai na si juu ya udongo, ndipo upeleke mashineni. Saga kidogo kidogo, kiasi cha wiki mbili au tatu, uhifadhi mahali pakavu.